Siku moja na kontroli boksi, Malindi

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua gereji yangu Barani. Kontroli boksi ni kompyuta ya gari inayoamua injini ipewe mafuta kiasi gani na plagi iwake lini; kazi yangu ni kulirekebisha faili lililo ndani yake. Kahawa tungu, mahamri mawili, kisha naiweka betri ya akiba kwenye chaja na kufuta vumbi la laptopu. Wapita njia wakiniona nimekaa kitako mbele ya kompyuta, mikono haina oili, hudhani sina kazi. Fundi wa gia anatoka kazini amechafuka, kila mtu anampa pole. Mimi natoka na macho mekundu, naulizwa kama sikulala.

Saa 2 hadi saa 4 ni Probox iliyowaka taa ya injini, kumbe soketi ya sensa imeliwa na chumvi ya bahari, na Noah ya abiria wa Watamu iliyotaka plagi mpya. Zote zimeondoka salama.

Saa 4 na robo akaingia kijana na Subaru Impreza ya tabo, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Akanikabidhi flashi kabla hata ya salamu kwisha.

"Fundi, humu mna faili la gari la rafiki yangu wa Mombasa. Gari lile linapaa. Ninakilie kwenye langu, dakika tano niende zangu."

"Gari la rafiki yako lina nozeli gani, zile za kunyunyiza mafuta?"

"Ah, fundi, ni Impreza kama hii. Tofauti ni rangi tu."

Neno hilo la rangi nalisikia karibu kila wiki, na ndilo linaloua injini. Nilimpa kiti. Nikaanza na lile nisiloliruka kwa mteja yeyote: kulisoma faili la asili la gari lake na kulihifadhi mahali pawili, kwenye laptopu na kwenye diski ya nje. Bila hilo huna pa kurudi.

Nikayafungua mafaili mawili ubavu kwa ubavu. Namba ya programu juu kabisa haikulingana, maana magari ni ya miaka tofauti. Watu hawajui kwamba namba hiyo ikibadilika, jedwali la namba za mafuta au la moto wa plagi (wakati plagi inapowaka) huweza kuhamia anwani nyingine ndani ya faili. Ukibandika faili zima, au ukihamisha kipande kutoka anwani hii hadi anwani ile ile, waweza kumwaga namba za mafuta juu ya kitu kingine kabisa. Kwa hiyo nahamisha jedwali kwa jedwali, nikitumia ufafanuzi wa kila programu, yaani ramani ya kila jedwali lilipo, nami nakagua kila moja kwa macho.

Tukampigia rafiki yake simu. Nozeli zake ni za cc 550 za mafuta kwa dakika. Za kijana ni 440. Nikamchorea kwenye boksi la plagi: kontroli ikiambiwa nozeli ni kubwa, itazifungua kwa muda mfupi. 440 gawanya kwa 550 ni 0.8, yaani mafuta yatapungua kwa asilimia 20. Pale tabo inaposukuma tunataka hewa 11 kwa mafuta 1. Yeye angepata 13.75. Barabarani polepole asingehisi chochote, kwa sababu sensa ya oksijeni inamsahihishia. Akikanyaga hadi mwisho, sahihisho lile halipo tena, na pistoni inaweza kuyeyuka.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa dakika ngapi zimebaki?"

Majedwali ya nozeli na ya sensa ya hewa nikayaacha yake ya asili. La moto wa plagi nalo halikuwa la kubandika. Gari la rafiki, safu ya mwisho ni gramu 3.0 za hewa kwa kila mzunguko wa injini. Lake inaishia 2.6. Namba ya safu ya kumi kule si namba ya safu ya kumi huku. Nikakokotoa upya kila kiboksi, nikapunguza digrii kadhaa, yaani plagi iwake ikichelewa kidogo, palipo na mzigo mzito. Gari hili lilitoka Japani, ambako petroli ya daraja la juu ina oktani (kipimo cha kustahimili isijilipukie yenyewe) 100 hivi, na ya vituo vyetu haifiki hapo. Joto la Malindi nalo linaingia moja kwa moja kwenye hewa inayovutwa.

Mara stima ikakatika. Feni ikasimama, kijana akasimama nyuma ya kiti changu, akapumulia shingo yangu. Kila baada ya muda: "Bado, fundi?" Betri ya gari ilikuwa volti 12.1. Nilikataa kuliandika faili kwenye kontroli. Miaka kadhaa nyuma niliandika kwenye Forester yenye betri dhaifu, volti zikaanguka katikati ya kazi, kontroli ikafa, nikamlipia mwenye gari nyingine kutoka mfukoni mwangu. Nikaunganisha betri ya akiba, nikazima redio, taa na feni ya gari, nikahakikisha cheksamu, jumla ya kuthibitisha kwamba faili ni zima, imesahihishwa, ndipo nikabonyeza. Asilimia zile huhesabiwa polepole mno. Mgongo wangu ulikuwa umelowa.

Gari liliwaka jaribio la kwanza tu. Jua lilikuwa limeshaelemea magharibi tulipotoka, yeye usukani, mimi na laptopu magotini, kuelekea daraja la Sabaki. Gia ya tatu, mizunguko 4,400, kontroli ikauchelewesha moto wa plagi digrii 2.8: injini imeanza kugonga, yaani mafuta yanajilipukia yenyewe. Tukaegesha kando. Nikatoa digrii 2 sehemu hiyo, nikaandika tena, tukarudia. Mara ya tatu hapakuwa na kugonga kokote kwenye rekodi, na mchanganyiko wa hewa na mafuta ulisimama kwenye 11.1.

Tulifika gereji adhana ya Isha ikiadhiniwa. Kijana alilipa, tena bila kuomba apunguziwe. Akiwa mlangoni akageuka: "Fundi, nitilie faili hili kwenye flashi. Binamu yangu ana Forester."

Nikamrudishia flashi yake tupu. Nikamwambia binamu alete gari lenyewe, aje asubuhi kabla jua halijapanda.