Jua linawaka, na ni nyuzi 34 chini ya sifuri: siku yangu moja Winnipeg, Kanada

Saa 11 alfajiri. Simu inasema nyuzi 34 chini ya sifuri, na kwa upepo huu mwili utasikia kama 46. Hapo ngozi isiyofunikwa huanza kuganda ndani ya dakika chache tu. Kabla sijatoka kitandani nampigia mama, maana Tanga sasa ni saa 8 mchana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huku joto limetuua. Feni yenyewe inapuliza moto. Hebu tuletee hiyo baridi yenu kidogo!"

Nacheka, namwambia nitaifunga kwenye kifurushi.

Saa 12. Kuvaa ni kazi nyingine inayojitegemea: nguo za ndani za sufu, suruali juu ya suruali, soksi mbili mbili, mafuta mazito usoni. Gari limelala limechomekwa kwenye umeme. Wageni wakiona waya unaning'inia mbele ya boneti hudhani ni gari la umeme, kumbe ni la petroli kama mengine. Ndani ya injini kuna hita ndogo. Bila hiyo oili huwa nzito kama uji uliolala, na betri haina nguvu ya kuisukuma injini. Nimeitegea saa, hita huwaka yenyewe usiku wa manane. Matairi nayo yameshika bapa pale yalipokaa usiku kucha, kwa hiyo mtaa wa kwanza wote ni duk, duk, duk, mpaka yapate joto na kurudi kwenye duara.

Saa 1 asubuhi, nyumba ya kwanza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapa dawa, kuwaandalia kifungua kinywa. Kila mlango una desturi ileile. Unavua buti, unavaa viatu vya ndani, unasimama kama kipofu kwa sababu miwani imefunikwa ukungu, kisha nusu saa baadaye unayavaa yote upya. Nje bado giza totoro. Kwetu saa 1 watoto wameshafika shuleni na jua limepanda. Hapa mwezi wa Januari linachomoza saa 2 na robo.

Saa 3. Limetoka, na limetoka na wenzake wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, yaani mianga miwili yenye rangi za upinde wa mvua. Ni vipande vidogo vya barafu vilivyo hewani vinavyopinda mwanga. Anga ni bluu tupu, theluji inameremeta hadi macho yanauma.

Hapa ndipo watu wa pwani tunapotapeliwa. Umezoea kwamba jua likiwaka unatoka na kanga moja. Kwenye nyanda hizi siku angavu kuliko zote ndizo kali kuliko zote. Winnipeg iko katikati ya bara, bahari iko mbali, na upande wa kaskazini hakuna mlima wa kuizuia hewa ya Aktiki inaposhuka. Hewa hiyo ni kavu, haina mawingu, na pasipo mawingu joto la ardhini hupaa moja kwa moja usiku kucha. Siku hizi nikiona wingu zito nafurahi kama mkulima wa Handeni.

Saa 5. Nyumba ninayoipenda. Bibi huyu alikulia kwenye shamba la ngano, na leo ana kitabu cha mbegu mapajani. Wauza mbegu huvituma mapema namna hii, na nadhani wanajua wanachofanya. Anazungushia nyanya duara kwa kalamu nyekundu: hii ndiyo, hii ilimwangusha kiangazi kilichopita. Machi atazipanda kwenye vikopo dirishani, ila udongo wa nje hauguswi mpaka sikukuu ya Victoria mwishoni mwa Mei, kwa sababu umande wa barafu unaweza kurudi usiku mmoja ukaua kila kitu.

"Na ule mmea wako?" ananiuliza. Anamaanisha mchicha. Nilimletea fungu Julai, akaupika kwa siagi. Alipouona mara ya kwanza alicheka sana: ndugu wa mchicha ni gugu sugu la mashamba ya huku, na yeye utoto wake wote alitumwa kuling'oa. Mbegu zangu ziko kwenye kopo kabatini. Juni jua linachomoza saa 11 na dakika 20 alfajiri na kuzama saa 3 na dakika 40 usiku, na mchicha ukipata mwanga huo wote unakua karibu ukiuangalia. Joto linaweza kupita nyuzi 30. Mbu pia wapo, tena wakubwa, lakini bibi ameniambia Januari ni marufuku kuwataja.

Saa 8 mchana nakula wali ndani ya gari, injini inaunguruma. Njia panda wamemwaga mchanga. Kwenye baridi hii chumvi haiyeyushi kitu. Nyumba mbili zaidi, sina la kusimulia.

Saa 11 jioni jua limezama. Nachomeka gari, navua tabaka zote, nakunywa chai ya tangawizi nimeegemea hita.

Saa 2 usiku kundi letu la Waswahili linachangamka. Utabiri wa kesho: mawingu, theluji kidogo, nyuzi 15 tu chini ya sifuri. Shangwe! Kaka mmoja kutoka Bukavu ametangaza kwamba anawasha jiko la mkaa uani kwake, achome mbuzi, na atakayekuja na koti kubwa atachekwa. Nimemjibu kwamba kachumbari ni juu yangu, koti nalo nakuja nalo.