Siku moja maishani mwangu: kifurushi cha stempu kisicho na jina la mtumaji

Saa 3 asubuhi. Posta, Unguja. Kitambulisho na karatasi ya taarifa vinatosha kukitoa kifurushi. Jina la mtumaji hakuna, kwa hiyo hakichanwi hapohapo. Napiga picha pande zote na kunakili tarehe na mji ulio kwenye muhuri wa posta. Ushahidi mwingine sina.

Saa 4. Kisu kinapita ukingoni, mbali na muhuri. Ndani kuna bahasha nzima za zamani na mfuko wa stempu zilizokatwa pamoja na kipande cha karatasi ya bahasha. Natumia kibano chenye ncha bapa, maana mafuta ya vidole huacha madoa. Bahasha nzima hailowekwi kamwe: stempu, muhuri na anwani vikiwa pamoja ndiyo historia yake.

Saa 5. Hizi ndizo zinazonivutia zaidi: stempu za Zanzibar zenye chapa ya JAMHURI 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, stempu zilizokuwapo ziligongwa chapa hiyo kwa mkono, ndiyo maana nyingine imekaa upande, imegongwa mara mbili au imepinduka. Baadaye zikaja zilizochapwa kwa mashine, herufi zimenyooka. Bandia zipo. Kwa lenzi ya kukuza mara 10 naangalia wino upi uko juu. Barua hugongwa muhuri wa posta mwishoni, kwa hiyo JAMHURI ikilalia muhuri, kuna mtu aliiongeza baadaye. Muhuri wa 1963 nao unamuumbua mghushi papo hapo.

Saa 7 mchana. Zilizokatwa zinaingia kwenye maji ya uvuguvugu, dakika 20 hivi, ili ziachie karatasi. Zenye karatasi nyekundu au zambarau zinatengwa, zisije zikachuja rangi na kuharibu bakuli zima. Stempu isiyoachia haivutwi, inaongezewa muda. Kisha zinalazwa kifudifudi kwenye karatasi nyeupe, na zikikauka zinakandamizwa kwa kitabu kizito. Stempu mpya yenye gundi haiguswi na maji.

Saa 9. Stempu zenye picha ya Mfalme George VI wa Uingereza, za Kenya, Uganda na Tanganyika. Rangi ileile, bei ileile, lakini meno ya ukingoni tofauti, na tofauti hiyo hubadilisha thamani. Meno huhesabiwa ndani ya sm 2.

Saa 11 jioni. Unyevu wa pwani hufanya stempu zigandane kwa gundi yake na kuleta kuvu, hivyo mzigo huu unakaa kwenye kopo lake lenye pakiti za kukausha unyevu, mbali na albamu. Daftarini naandika: mtumaji hajulikani, haziuzwi wala hazibadilishwi mpaka asili yake ijulikane.