Jinsi nilivyoacha kuamka moyo ukinienda mbio

Kwa miezi mingi niliamka saa 11:30 alfajiri, Mbagala, nikiwa tayari na hofu kifuani. Nililaumu foleni ya Barabara ya Kilwa. Nikajaribu kuamka mapema zaidi. Nikaongeza uchovu tu.

Kumbe shida ilikuwa simu chini ya mto. Kabla sijanawa uso nilishasoma meseji za kazini, za mchango wa harusi, za deni. Kortisoli, homoni ya msongo, hupanda yenyewe tukiamka na kufika kileleni baada ya dakika 30 hadi 45, na mimi nilikuwa nauchochea moto huo.

Nikanunua saa ya kengele, simu ikahamia sebuleni. Nguo napiga pasi usiku. Nikiamka nakunywa maji, kisha nafagia uwanja taratibu huku kunapambazuka. Mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili, na kwangu kufagia kumesaidia kuliko yote. Halafu uji wa ulezi, si chai kavu ya kukimbilia daladala.

Wiki ya kwanza mkono uliendelea kupapasa chini ya mto. Ya tatu ukaacha. Sasa simu naishika saa 12:30, nikiwa nimeshakula.