Siku moja maishani mwangu: balbu ya taa ya nyuma

Saa 10:50 alfajiri. Simu ya zamu inaita. Lori limemgonga mwendesha bodaboda kwa nyuma, barabara ya Nzega, nje kidogo ya mji wa Tabora. Nachukua mkoba wangu wa kazi: futi ya mita 50, chaki, tochi mbili, kamera na bahasha za kaki.

Saa 11:30 tunafika. Majeruhi ameshakimbizwa hospitali ya Kitete. Wanakijiji wamekata matawi na kuyatandaza barabarani ili magari yapunguze mwendo, na nawashukuru kwa hilo. Kijana mmoja ameshika fagio. Namwomba aliweke chini. Nia yake ni njema, anataka njia ipitike, lakini vile vipande vya plastiki nyekundu, udongo uliodondoka kutoka chini ya madigadi na mikwaruzo ya chuma juu ya lami ndio mashahidi wangu. Likipita basi moja tu juu yao, nimewapoteza.

Dereva amekaa pembeni, mikono inamtetemeka. "Afande, hakuwa na taa. Nimemwona nimeshamfikia." Kipima ulevi kinasoma sifuri. Nayaandika maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuongeza langu.

Huku kwetu jua huchelewa. Hadi saa 12:40 ndipo barabara inasomeka vizuri, na hapa sipendi kuharakishwa, hata foleni ya malori ikipiga honi. Pale pikipiki ilipogandamizwa, chuma kimechimba kijifereji kwenye lami. Hapo ndipo walipogongana. Alama za breki za lori zinaanza mita 9 mbele ya kijifereji hicho. Kwa hiyo matairi yalijifunga baada ya kugonga, si kabla. Katika hilo dereva amesema kweli: alimwona ameshamfikia. Swali ni kwa nini.

Alama zenyewe zina urefu wa mita 38 mpaka lori liliposimama. Hesabu ninayotumia ni hii: zidisha 254 kwa kiwango cha msuguano, kisha kwa urefu wa alama, halafu tafuta kipeuo cha pili. Gari dogo kwenye lami kavu hupewa msuguano wa kama 0.7. Msuguano wa lori huwa mdogo kuliko huo, nami nachukua 0.5 nisije nikamwonea mtu. Jibu ni 69. Lori lilikuwa likienda si chini ya kilomita 69 kwa saa, na kibao cha 50 tumekipita hatua chache nyuma. Kwa mwendo wa 50 alama hizo zisingefika hata mita 20.

Saa 3:15 asubuhi, Kitete. Kijana wa bodaboda amefariki kabla hawajamfikisha wodini. Baba yake yuko kwenye benchi, kofia mkononi. "Mwangaluka, baba," namsalimu. Anaitika, kisha anauliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, ni kweli wanasema hakuwa na taa?" Habari imeshamfikia, na tayari lawama iko juu ya mtu asiyeweza kujitetea. Namwambia bado tunachunguza.

Saa 5:20. Yadi ya kituo. Mkaguzi wa magari amelimaliza lori: breki zinashika, taa za mbele zote zinawaka. Sasa pikipiki. Nyuma imebondeka, kioo chekundu cha taa hakipo, lakini balbu imebaki kwenye soketi, nzima. Fundi anayetusaidia ananyoosha waya kwenye betri. "Tujaribu kama inawaka, afande?" Namshika mkono. Hapana! Balbu ya ushahidi haiwashwi. Kioo kikiwa na ufa tusiouona, hewa itauunguza uzi na tutakuwa tumefuta tunachokitafuta.

Balbu hii ina nyuzi mbili, mmoja wa taa ya kawaida na mwingine wa breki. Uzi unaowaka hufikia zaidi ya nyuzijoto 2,000 na huwa laini, kwa hiyo kishindo kikiukuta umewaka huunyoosha na kuupindisha. Ukiwa wa baridi ni mkavu: ama hukatika vipande, ama hubaki na mizunguko yake ilivyotoka kiwandani. Naiweka chini ya kioo cha kukuzia. Mizunguko ya uzi wa breki imepangika vizuri. Ule wa taa ya kawaida umevutika na kulegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Nauangalia mara tatu. Kijana alikuwa na taa, inawaka, na hakuwa anafunga breki. Alikuwa anakwenda zake.

Peke yake balbu haimalizi kesi. Naipiga picha, naizungushia pamba, naifunga ndani ya kisanduku, natia lakiri na sahihi mbili. Wataalamu wa maabara nao wataitazama kwa vyombo vyao. Lakini kama kule barabarani ingeokotwa na kutupwa pamoja na vioo, jalada hili lingefungwa kwa maneno ya mtu mmoja.

Mchana wote ni mchoro wa ajali na maelezo ya mashahidi. Chakula nakula saa 9, nimesimama.

Saa 11:10 jioni baba yake anakuja kituoni kufuata fomu ya kuchukulia mwili. Anasaini taratibu. Anapoinuka ananiuliza tena habari ya taa.

"Baba, siwezi kusema kabla jalada halijafika kwa mwendesha mashtaka."

Ananitazama kwa muda. "Lakini hiyo taa yenyewe mmeitunza?"

"Nimeitunza, baba."