Siku moja saiti: nyumba ya kuishi na kushonea, Mikindani, Mtwara

Saa 12:30 asubuhi. Kamba kwanza, kabla jua halijakaza. Nyumba ina mita 6 kwa 8.1, kuta ndefu zikitazama kaskazini na kusini. Hiyo 0.1 huwashangaza wengi. Tofali la kufungamana lina urefu wa sm 30, kwa hiyo mita 8.1 ni matofali 27 kamili; mita 8 ingeacha kipande cha sm 20 cha kukatwa kila kozi, yaani kila mstari wa matofali. Kona kwa kona, vipimo vyote viwili visome mita 10.08. Vikipishana hata sentimita mbili, vigingi vinang'olewa. Tofali la kawaida lina mota ya kuficha makosa. Haya ya kufungamana hupangwa makavu, na kosa la kozi ya kwanza hupanda mpaka kwenye linta, mhimili wa zege ulio juu ya milango na madirisha. Kozi hiyo ndiyo pekee inayolazwa kwenye mota. Ikimla fundi asubuhi nzima, mwacheni.

Saa 2. Mashine ya matofali. Bonge la udongo uliochanganywa na saruji linafinyangwa kiganjani na kuachiwa kutoka usawa wa kifua. Likipasuka vipande vinne au vitano, maji yanatosha. Likibonyea bila kupasuka, yamezidi. Likisambaratika, ni makavu. Mchanga wa ufukweni haukaribishwi hapa, hata ukiwa wa bure: chumvi yake hutoka ukutani kama unga mweupe na kula nondo za linta. Matofali ya jana yananyunyiziwa maji na kufunikwa nailoni, siku saba mfululizo. Yakianikwa juani hukauka upesi, na kingo zake humomonyoka kwa kidole.

Kuta za nje na za ndani zitakula takribani matofali 3,300, ya kuvunjika yakiwemo. Hesabu ni 33 kwa mita ya mraba.

Saa 4. Mwenye nyumba anafika. Baada ya shikamoo na marahaba, anakwenda moja kwa moja kwenye hoja:

"Mwanangu, chumba cha kushonea kiwe na dirisha barabarani, wateja wanione."

"Mama, barabara iko magharibi. Kuanzia saa 9 alasiri jua litalala juu ya vitambaa, rangi zitapauka."

Ramani inageuzwa mbele yake. Ukuta wa magharibi haupati dirisha hata moja. Unapata daka, yaani ukumbi wa nje wenye paa, lenye kina cha sm 180, baraza ya kukalia na kiwambaza cha mianzi. Nguo za maonyesho zinaning'inizwa hapo, mteja anapimwa hapo, na sebule inabaki ya familia. Nyumba za zamani za mwambao zilikwisha kulitatua hili, kwa hiyo hatuvumbui kitu.

Chumba cha kazi kinakaa kona ya kusini-magharibi, chumba cha kulala kusini-mashariki, maana kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Jiko na choo vinakwenda kaskazini-magharibi, moshi usirudi ndani. Dirisha la kazi ni la luva, vibao vya kufungua na kufunga kidogokidogo, na kizingiti chake kiko sm 80 kutoka sakafuni: upepo mwingi unapeperusha kitambaa kwenye meza, lazima mtu aweze kuupunguza bila kuufunga. Madirisha ya kutolea hewa upande wa pili yasiwe madogo kuliko ya kuingizia. Kosa hili liko kila mtaa.

Saa 7. Chakula.

Saa 8. Paa, kwenye karatasi. Juni, jua la adhuhuri huku huinama kaskazini nyuzi 34 kutoka utosini. Desemba huenda kusini nyuzi 13 tu. Dirisha la mita 1.2 upande wa kaskazini linahitaji upenu wa sm 80 hivi. Kusini sm 30 zingetosha kwa jua, lakini mvua inataka 60. Kupita 90 hatuendi: upenu mpana ndio upepo unaoushika, na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipita ukanda huuhuu. Kila kenchi, fremu ya mbao inayobeba bati, inafungwa kwenye linta kwa ukanda wa chuma. Misumari pekee hung'oka. Bati ni geji 28, linakatwa kwa mkasi. Grainda huunguza rangi, na kutu ya bahari huanzia hapo.

Saa 9:30. Maji. Paa pamoja na daka ni mita za mraba 77. Mvua ya mm 20 inaleta kama lita 1,200 baada ya upotevu. Milimita ya kwanza, yenye vumbi na vinyesi vya ndege, haiingii tangini; ni lita 77 za kukinga kando, kwa hiyo bomba la inchi 4 linalobeba lita 8 kwa mita halitoshi. Tunaweka pipa la lita 80. Simtanki la lita 5,000, kwa lita 25 za kunywa na kupikia kila siku, linafika siku 200, yaani linavuka kiangazi. Likijaa lina tani 5. Lisikae juu ya kifusi.

Saa 10:30. Sola. Cherehani wati 100 kwa saa 6, feni 50 kwa saa 8, taa sita za wati 7 kwa saa 5: jumla wati-saa 1,210. Paneli za wati 400, zikitazama kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, zinatosha. Pasi haimo, wati 1,000 zake zinabaki TANESCO.

Soketi za meza zinawekewa alama kwenye kozi ya 10 leo hii, na mabomba ya waya yapite kwenye matundu ya matofali ukuta ukipanda. Kuchimba baadaye kunapasua tofali.