Nilivyojua Rashio ya Difu ya Datsun 240Z Yangu

Aliyeniuzia 240Z yangu alinihakikishia kwamba difu (gia za ekseli ya nyuma) ni ya 3.9, ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Yaani propela, shafti inayotoka giaboksi kwenda nyuma, huzunguka mara 3.9 magurudumu yakizunguka mara moja. Gari lenyewe lilisema vingine. Nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, gia ya tano ilikuwa haivuti kabisa, na ya nne ilijikokota. Kwanza niliwaza ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na injini ya kabureta lazima ipungukiwe nguvu huku juu. Lakini hizi ndizo Datsun zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, katika milima na matope yetu haya haya. Sikuridhika.

Kilichonifungua macho ni spidomita. Kwenye Thika Road, simu ikionyesha kilomita 80 kwa saa, mshale ulikuwa chini kidogo ya 70. Spidomita nyingi za zamani hutia chumvi kwa kuongeza mwendo; yangu ilikuwa inapunguza. Kebo yake hutoka kwenye mkia wa giaboksi, kwa hiyo inachohesabu ni mizunguko ya propela, si ya magurudumu. Ikiwa difu imebadilishwa na propela sasa inazunguka polepole kuliko zamani kwa mwendo ule ule, mshale nao utashuka. Matairi makubwa yangeleta dalili hiyo hiyo, ila yangu ni ya kipimo cha kiwandani, 175 kwa rimu ya inchi 14.

Nikampelekea fundi ninayemwamini kule Industrial Area. Akanisikiliza, kisha akasema, "Boss, tusimuulize aliyekuuzia. Tuinue, tuhesabu."

Tukaweka kabari magurudumu ya mbele, giaboksi tukaiacha huru, breki ya mkono tukaiachia. Tuliinua nyuma yote kwanza, gari likakaa juu ya stendi. Usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fundi akazungusha gurudumu la kulia. La kushoto likaenda kinyume. Hapo tukajua ni difu ya kawaida, si ile ya kufunga magurudumu pamoja. Jambo hili lazima lijulikane mapema kwa sababu linabadilisha hesabu yote.

Katika difu ya kawaida, gurudumu moja likizuiwa na jingine likazunguka mara moja, krauni, ile gia kubwa ya ndani ya difu inayozungushwa na propela, huzunguka nusu tu. Kwa hiyo tulishusha gurudumu la kushoto likakanyaga sakafu, tukaacha la kulia likining'inia. Ili krauni izunguke mara moja, gurudumu hilo linahitaji mizunguko 2. Wengi huishia hapo, wanazungusha mara 2 na kukadiria propela imeenda ngapi. Mimi sishauri hivyo. Kati ya rashio kama 3.364 na 3.545 tofauti haifiki hata robo mzunguko wa propela, na jicho hudanganyika kirahisi. Zungusha gurudumu mara 20, krauni itakuwa imezunguka mara 10, na tofauti ndogo zote zitakuwa zimekuzwa. Difu ya 3.9 itakupa mizunguko 39 kamili ya propela. Ya 3.545 itakupa 35 na nusu hivi. Ya 3.364 itakupa 33 na zaidi kidogo ya nusu.

Tulichora chaki kwenye tairi na kwenye flanji ya propela, pale inapofungwa kwa boliti kwenye difu. Fundi akazungusha taratibu, mimi chini nikihesabu kwa sauti. Gurudumu lilipofika 20, alama ya propela ilikuwa imepita 33 na kuvuka nusu. Tukarudia, ikaja vile vile.

Hiyo ni 3.364, rashio ya 240Z za gia nne zilizouzwa Marekani. Rashio ndogo hivyo hupunguza mvuto, ndiyo maana gia ya tano ilishindwa mlimani. Ukigawanya 3.364 kwa 3.9 unapata 0.86, na asilimia 86 ya 80 ni 69. Ndiyo maana mshale wangu ulisimama pale. Baadaye, tulipokuwa tunabadilisha oili, tulifungua kifuniko cha nyuma na kuona namba zilizogongwa kwenye krauni: meno 37 kwa 11.

Sasa natafuta difu ya R180 (aina ya difu ya 240Z) yenye meno 39 kwa 10, na naitaka nzima. Krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, husuguliwa pamoja kama jozi. Ukichanganya za difu mbili tofauti zitalia na kulana. Kabla ya kulipa nitaihesabu pale pale dukani, na difu ikiwa mezani kazi ni rahisi zaidi: mtu mmoja ashikilie flanji ya upande mmoja, mwingine azungushe ya upande wa pili mara 20, na pinioni izunguke 39 bila kupungua.