Familia ya wakimbizi ikibisha hodi kanisani au msikitini

Barabara itokayo Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya, hupita Lodwar na Kitale kabla ya kufika Eldoret na Nakuru. Wanaotokea upande wa Uganda huingilia Busia na Malaba. Sisi wa huku tuko njiani, na tangu mgao wa chakula Kakuma ulipopunguzwa mwaka 2025, kila parokia na kila msikiti unapaswa kujua la kufanya familia ya Wakongo au ya Wasudan Kusini ikikutwa mlangoni na mizigo yake.

Siku ya kwanza ni chakula, maji ya kuoga na mahali pa kulala. Afadhali walale nyumbani kwa familia ya waumini kuliko kanisani. Kanisani choo kiko nje na usiku watu huingia na kutoka, jambo ambalo ni hatari kwa akina mama na wasichana.

Siku hiyohiyo, baada ya kula, ulizeni karatasi kwa upole. Kila mtu mzima ana kitambulisho cha mkimbizi, au pasi ya mwomba hifadhi, au hana kitu? Tazameni tarehe ya kuisha. Pigeni picha pande zote mbili kwa simu ya mwenyewe, kisha karatasi zirudi mkononi mwake. Kosa linalorudiwa sana ni kuziweka kwenye kabati la ofisi ya parokia "zisipotee". Polisi wakimsimamisha Ijumaa jioni, kabati limefungwa na mwenye ufunguo yuko shamba.

Aliyesajiliwa kambini anahitaji pia kibali cha kusafiri nje ya kambi, la sivyo anaweza kushtakiwa hata kama kitambulisho chake ni halali. Asiye na karatasi yoyote asindikizwe mapema kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi. Asiogope kujitokeza: Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakataza mtu kurudishwa mahali ambapo maisha yake yako hatarini. Akikamatwa, mashirika ya Refugee Consortium of Kenya na Kituo cha Sheria hutoa msaada wa kisheria.

Kodi ya nyumba ndipo nia njema nyingi huishia. Waumini huchanga kwa nguvu Jumapili moja, wanalipa mwezi mmoja, halafu kimya, na mwezi wa pili landilodi anafunga mlango kwa kufuli. Pangeni miezi minne tangu mwanzo, mkishuka polepole. Tuseme chumba ni shilingi 4,000. Mwezi wa kwanza lipeni kodi na dipoziti, 8,000. Wa pili 3,000, wa tatu 2,000, wa nne 1,000, nayo familia ijazie kilichobaki. Jumla ni 14,000. Jumuiya ndogondogo ya nyumba ishirini itatoa 400 kwa kila nyumba mwezi wa kwanza, kisha 150, 100 na 50, na hakuna atakayeumia. Mkataba uandikwe kwa jina la mpangaji mwenyewe. Msikitini hakuna haja ya kungoja mchango maalumu: msafiri aliyekatikiwa njiani ni mmoja wa wale wanane wanaostahili zaka.

Kuhusu chakula, mtu mmoja huhitaji takriban gramu 400 za nafaka, 60 za maharagwe na 25 za mafuta kwa siku. Kwa watu watano mwezi mzima hiyo ni kilo 60 za unga, kilo 9 za maharagwe na lita 4 hivi za mafuta. Lakini ulizeni kwanza wanakula nini. Mkongo huenda akataka unga wa muhogo, na Msudan Kusini mtama.

Pesa zishikwe na watu watatu, na angalau mmoja awe mama. Mwanamume asiende peke yake kumpelekea mjane chakula, hata akiwa mzee wa kanisa. Nalisema wazi kwa sababu dhuluma hupenya hapo: mwenye kutoa akiwa mmoja, anayepokea hawezi kukataa. Wala msaada usifungwe kwenye kuhudhuria ibada.

Wako pia madalali wanaouza "safari ya Marekani". Huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ni za bure, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Barua ya mchungaji haimpeleki mtu mbele kwenye foleni, kwa hiyo msiwape matumaini hayo.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaikie wageni. Wakumbusheni Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, maelfu walipojazana kwenye kanisa kuu la Sacred Heart, Eldoret, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukawa kambi, na Wakenya waliovuka Malaba wakahifadhiwa Mulanda, Tororo. Tulikuwa wakimbizi, na jirani alitufungulia.

Watoto waanze shule mapema. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa kila mtoto haki hiyo. Aliyezaliwa hapa asajiliwe kabla ya miezi sita kwisha, maana usajili wa kuchelewa una mlolongo mrefu.

Picha za familia hizi zisiwekwe Facebook wala kwenye kundi la WhatsApp la parokia, hata za kushukuru waliochanga. Wengine wanatafutwa na watu waliowakimbia, na jina la kanisa nyuma ya picha linatosha kuwaonyesha njia. Mweka hazina akitaka kuonyesha kazi, asome risiti za kodi mbele ya waumini.